Mwanamfalme Maedhros: yanayosemwa na yaliyomo kitabuni

Hapa Dodoma wengi wameijua dunia ya J.R.R. Tolkien kwenye vibanda umiza, kupitia filamu zenye sauti ya mtafsiri mmoja anayesimulia juu ya kelele za vita. Maedhros, mwanamfalme wa Waelfi, hayumo katika filamu hizo. Habari zake zimo katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977, miaka minne baada ya Tolkien kufariki, kikiwa kimeandaliwa na mwanawe Christopher. Kwa kuwa waliosoma ni wachache kuliko waliosikia, mwanamfalme huyu anabebeshwa mambo ambayo hakuyafanya, kisha anasamehewa yale aliyoyafanya kweli. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Kwamba ni yule kijana wa upinde

Hapana. Yule ni Legolas, mwana wa mfalme pia, lakini Maedhros alikuwa amekufa zaidi ya miaka 6,000 kabla ya safari tunayoiona kwenye filamu. Maedhros alikuwa mrefu, nywele zake za rangi ya shaba, mkubwa wa wana saba wa Fëanor. Baba yake ndiye fundi aliyetengeneza Silmaril, vito vitatu vilivyohifadhi nuru ya Miti Miwili ya Valinor, nchi takatifu ya magharibi.

Kwamba Waelfi ni majini, na hawafi

Hawazeeki wala hawauawi na maradhi, lakini upanga unawaua, na huzuni ikizidi inawaua pia. Wana miili, wanaoa, wanazaa, wanagombea urithi. Ugomvi ulioivunja nyumba yao mtu wa huku kwetu atauelewa bila kuelezwa sana: Fëanor na Fingolfin ni watoto wa baba mmoja, Finwë, kwa mama mbalimbali, na adui yao Morgoth alipita katikati akimnong'oneza kila mmoja.

Kwamba alisaidia kuchoma meli

Morgoth alipomuua Finwë na kuiba vile vito, Fëanor na wanawe wote saba waliapa kumwandama yeyote atakayevishika. Ili kuvuka bahari waliwaua Waelfi wa bandari ya Alqualondë na kuchukua meli zao. Damu hiyo iko juu ya nyumba nzima ya Fëanor, na Maedhros hawezi kutolewa humo. Ila walipofika ng'ambo, Losgar, ndipo alipojitenga na baba yake. Aliuliza ni nani watakaofuatwa kwanza kati ya waliobaki nyuma, je, Fingon? Fingon alikuwa mtoto wa Fingolfin, yaani wa baba yake mdogo, na rafiki yake wa tangu zamani. Fëanor akacheka, akaamuru meli zichomwe. Maedhros peke yake alisimama kando.

Kwamba alikuwa na uchu wa madaraka

Hii ndiyo dhana inayonishangaza kuliko zote, kwa sababu kisa chenyewe kinasema kinyume waziwazi.

Fëanor alikufa muda mfupi baadaye, na Morgoth akajifanya anataka mazungumzo. Maedhros alikwenda akiwa ameandaa watu wengi kuliko walivyokubaliana, lakini Morgoth alikuwa ameandaa wengi zaidi. Akatekwa. Akatundikwa kwenye genge la mlima Thangorodrim kwa pingu ya chuma katika kifundo cha mkono wa kulia. Aliyemfuata ni Fingon, aliyekuwa amevuka baadaye bila meli, na ambaye hakujua kwamba rafiki yake alimkumbuka siku ya meli. Alipanda peke yake akipiga kinubi na kuimba wimbo wa Valinor, na sauti dhaifu ikamwitikia kutoka juu. Hakuweza kumfikia. Maedhros alimsihi ampige mshale afe. Fingon akavuta upinde huku akimwomba Manwë, mkuu wa watawala wa Valinor, na hapo ndipo Thorondor, mfalme wa tai, alipotua na kumbeba hadi pale juu. Pingu ikakataa kufunguka, kwa hiyo Fingon akamkata mkono juu ya kifundo.

Wapo wanaodai kwamba baada ya hapo alikuwa kilema asiye na nguvu. Alijifunza upanga kwa mkono wa kushoto, na akawa hatari kuliko alivyokuwa na wa kulia.

Na huyu, mrithi halali wa ufalme wa Wanoldor wote, kabila lao la Waelfi, aliomba msamaha kwa ajili ya wale walioachwa upande wa pili wa bahari, kisha akamwachia Fingolfin ufalme. Ndugu zake hawakukubaliana wote moyoni. Yeye akawahamishia mashariki, mbali, ili ugomvi usianze upya, akajenga ngome kwenye kilima cha Himring, kipana, kisicho na mti, chenye kilele bapa. Moto wa Morgoth ulipofurika nyanda za kaskazini, miaka 455 tangu Fingolfin afike, ngome nyingi zilianguka. Himring haikuanguka.

Kwamba Vita vya Machozi Yasiyohesabika vilishindwa kwa uzembe wake

Muungano ulioanzisha vita hivyo ulikuwa wake, na ulishindwa kwa usaliti. Uldor, mshirika wake wa kibinadamu, alimchelewesha kwa habari za uongo, kisha watu wake wakamgeuka katikati ya mapigano. Fingon akauawa siku hiyo. Lakini falme za Waelfi za Doriath na Nargothrond hazikuleta majeshi yao, na sababu kubwa ni ubaya ambao wana wa Fëanor walikuwa wamewatendea. Lawama ya namna hiyo ni ya haki.

Kwamba aliwaua watoto wa Dior, na kwamba ndiye aliyemlea Elrond

Watumishi wa mdogo wake Celegorm ndio waliowatelekeza wale wavulana wawili wa Dior, mfalme wa Doriath, porini baada ya wana wa Fëanor kuivamia Doriath wakitafuta Silmaril. Maedhros alijuta, akawatafuta muda mrefu msituni asiwaone. Elrond, yule wa kwenye filamu, na pacha wake Elros walichukuliwa baadaye, kwenye uvamizi wa makazi ya Sirion, na aliyewahurumia na kuwapenda anatajwa kuwa Maglor, mdogo wake Maedhros.

Kwamba kiapo kilimlazimisha

Kwetu kiapo si jambo la mchezo, na ndiyo maana wasomaji wa hapa humsamehe haraka: ameshaapa, angefanyaje? Hapa sikubali. Waliapa kwa jina la Ilúvatar, Muumba, na kujiitia giza la milele wasipotimiza, ni kweli, na kiapo kilimtesa. Lakini baada ya Doriath alijizuia kwa muda asiiguse Sirion ingawa alijua Silmaril iko kule kwa Elwing, binti wa Dior, kwa hiyo kujizuia kuliwezekana. Siku alipovamia, baadhi ya watu wake walisimama kando, na wachache wakageuka kumtetea Elwing mpaka wakafa.

Ushahidi mzito zaidi uko mwishoni. Morgoth ameshindwa, vito viwili viko mikononi mwa Eönwë, mjumbe wa Manwë, na wana wa Fëanor waliobaki ni wawili tu. Maglor anataka wajisalimishe. Anamwambia kaka yake kwamba hata kama hakuna wa kuwafungua, na giza linawangoja watimize au wasitimize, wakikivunja kiapo watatenda ubaya mdogo zaidi. Maedhros aliyasikia maneno hayo na hakuyafuata. Wakawaua walinzi, wakachukua vito. Eönwë akakataza wasiuawe, wakaondoka.

Vito vikawaunguza. Varda, mke wa Manwë, alikuwa amevitakasa tangu mwanzo ili mkono mchafu usivishike, na kwa kuungua huko Maedhros alielewa kwamba haki yake imefutika. Akajitupa na kito chake katika ufa wa moto. Maglor alikitupa chake baharini.

Asiyeweza kusoma kitabu kizima asome sura ya 9, ya 13, ya 20, ya 22 na ya 24, kwa mpangilio huo.