"Niliwapigia Mara Tano": Kumbukumbu za Mlalamikaji

Pesa za simu zilizokatwa, tokeni za umeme zilizogoma, jokofu lililokufa ndani ya muda wa dhamana: malalamiko ya aina hii yakifika mezani kwetu, tunaosaidia wateja hapa Uganda, hukwama palepale. Mlalamikaji ana haki ila hana karatasi. "Niliwapigia mara tano." Tarehe ngapi? Nani alipokea? Kimya.

Ukiwapigia huduma kwa wateja, usikate simu kabla ya kupewa namba ya malalamiko. Andika daftarini tarehe, saa, namba uliyopiga, jina la mhudumu na ahadi yake. "Watashughulikia" haitusaidii, "85,000 zitarudi Ijumaa" inatusaidia. Siku hiyohiyo watumie barua pepe ukiyarudia mliyokubaliana.

Picha ya skrini ionyeshe mtumaji, tarehe, saa na namba ya muamala. Iliyokatwa ikabaki ile sentensi moja unayoipenda ni kupotezeana muda. Wala usifute meseji ya asili ati umeshaipiga picha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 hairuhusu ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini anayeuleta ndiye anayepaswa kuthibitisha uhalisi wake, na mahakama huangalia ulivyotunzwa. Kwenye WhatsApp, zima meseji za kujifuta. Simu huibwa, kwa hiyo nakala ziwe pia kwenye barua pepe yako.

Risiti za mashine hufifia kwa joto. Iliyokaa wiki kwenye dashibodi ya gari hurudi nyeupe. Ipige picha siku ya kununua. Muuzaji wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, akikuandikia kikaratasi kisicho na jina la duka, mwombe agonge muhuri kabla hujatoa pesa.

Barua ya malalamiko peleka nakala 2. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kumwachia askari wa getini si kuwasilisha, hata akiwa mtu wa kwenu.

Tarehe uliyoisahau iache wazi. Kughushi hati ni jinai, na adhabu yake ya jumla katika Sheria ya Kanuni ya Adhabu ni kifungo cha hadi miaka 3. Wapo wanaoharibu kesi nzuri kwa kalamu moja.

Dai lisilozidi shilingi milioni 10 laweza kusikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, ambako mawakili hawasimami, kwa hiyo utazungumza mwenyewe, faili mkononi. Ukomo wa kudai kwa mkataba ni miaka 6. Kampuni ikikuahidi kulipa, faili usilitupe.