Mtoto hajui kusoma, na Januari anaanza darasa la kwanza

Kila mwaka ifikapo Oktoba, tangazo la uandikishaji linapobandikwa kwenye mageti ya shule za msingi, simu yangu huanza kuita, na wazazi wanaonipigia huwa na wasiwasi mmoja wanaousema kwa maneno tofauti: mtoto hajui kusoma, mtoto wa jirani aliye rika lake anasoma hata maandishi ya kwenye daladala, na Januari ndiyo hiyo inakuja. Mwaka huu mama mmoja hakupiga simu. Alinifuata na daftari la mtoto wake wa miaka mitano na nusu, akalifungua mezani, na ndani yake mlikuwa na kurasa tatu za herufi "a" zilizopangwa mstari kwa mstari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kuridhisha. Katika wa pili herufi zilianza kupanda na kushuka nje ya mstari, na katika wa tatu penseli ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu hata karatasi ikatoboka mahali pawili. "Mwalimu," aliniuliza, "sasa huyu si atakuwa wa mwisho darasani?"

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka 14 mkoani Morogoro, Tanzania, na siku hizi kazi yangu ni kuwanoa walimu wa awali na wa madarasa ya mwanzo. Nilimjibu mama yule kwamba kumfundisha mtoto kusoma ni kazi ya mwalimu wa darasa la kwanza, na kwamba madarasa mawili ya mwanzo katika shule zetu yamejengwa juu ya stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, kwa sababu mtaala unamchukulia mtoto kuwa bado anajifunza stadi hizo. Hakuridhika sana. Nilimwelewa, kwani mzazi anayeambiwa asihangaike bila kuambiwa afanye nini hurudi nyumbani na kuhangaika zaidi.

Nianze na herufi zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo juhudi za nyumbani huzaa kazi ya ziada shuleni. Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina: herufi moja kwa kawaida hubeba sauti moja, na mtoto akishazishika irabu tano na sauti za konsonanti, anaweza kuunganisha silabi na kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa sababu hiyo darasani tunafundisha sauti ya herufi, wala si jina lake. Niliwahi kuletewa mvulana ambaye wazazi wake walisema anajua herufi zote, na kweli alizijua, kwa wimbo wa Kiingereza alioukariri kutoka kwenye simu. Nilipoandika "mama" ubaoni, aligusa kila herufi kwa kidole akisema "em, ei, em, ei", kisha akageuka kunitazama, akisubiri neno litokee. Halikutokea. Kwenye neno "embe" mambo yalikuwa magumu zaidi, maana herufi ya kwanza kwake iliitwa "ii", na nilipomwambia kwamba ile ni "e" alinisahihisha kwa upole, kama mtu anayemstahi mwalimu asiyejua. Tulifika karibu na Pasaka ndipo akasoma neno lake la kwanza, huku wenzake waliokuja bila kujua herufi hata moja wakiwa tayari kwenye "kaka anakata kuni". Kiingereza kina nafasi yake, na kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 ni somo tangu darasa la kwanza hata katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili. Tatizo ni kumpa mtoto majina ya herufi ya lugha moja kisha kumtaka asome lugha nyingine.

Mzazi anayetaka kusaidia katika kusoma anaweza kufanya hivyo bila kugusa daftari. Mtoto anahitaji kwanza kusikia kwamba neno limeundwa na vipande, na hili hujifunzwa kwa masikio na viganja: pigeni makofi ya "ma-ha-ra-ge" mkiwa mnayachambua, kisha ya "ndi-zi", kisha muulize "mtu" ina makofi mangapi. Watoto wengi hupiga moja, wachache hupiga mawili, na wale wa mawili wamesikia vizuri, kwa sababu ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake. Mwambie atafute kitu ndani ya nyumba kinachoanza na "ki". Mtegee vitendawili. Msimulie hadithi usiku, na kesho yake umwombe yeye amsimulie bibi yake, kwa kuwa mtoto anayeweza kuanza kisa, kukiendeleza na kukimaliza ana mtaji mkubwa wa kuelewa anachosoma. Hilo linahusu lugha yoyote ile. Nimepokea watoto wa Kimaasai kutoka Mvomero ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, lakini kwa kuwa walikuwa wasimuliaji hodari kwao, walitukuta haraka, na sijawahi kumshauri mzazi aache kuzungumza na mwanawe lugha ya nyumbani. Ninachoomba ni kwamba miezi ya mwisho kabla ya shule mtoto apate pia watu wa kuzungumza nao Kiswahili, hata kama ni watoto wa jirani tu.

Sasa mkono. Wazazi wenye umri wangu watakumbuka jinsi uandikishaji ulivyofanyika zamani: mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kugusa sikio la kushoto, na aliyeshindwa alirudishwa nyumbani hadi mwaka unaofuata. Wakati huo wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilizungumzia mtoto aliyefikia miaka 7, kwa hiyo mkono ulikuwa ndio cheti. Kipimo kile kilikuwa na dhuluma zake, kwani mtoto mwenye mikono mifupi alidaiwa mwaka mzima bila kosa, lakini wazee waliokitumia walikuwa wamegundua jambo la kweli, kwamba mwili wa mtoto una ratiba yake na kwamba shule inaanza na mwili. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inamweka darasa la kwanza mtoto wa miaka 6 aliyepitia mwaka mmoja wa elimu ya awali, na mzazi anayemsukuma mtoto wa miaka minne na miezi kadhaa kwa kuwa "ana akili sana" hunipa mashaka, kwa kuwa akili hiyo ninaiamini, ila vidole sivyo.

Mtoto mdogo huanza kuchora kwa bega, baadaye kwa kiwiko na kifundo, na mwisho kabisa kwa vidole. Daftari la mama yule lilikuwa ni la mtoto aliyekuwa bado anaandika kwa mkono mzima, na ndiyo maana alichoka na kutoboa karatasi. Hakuhitaji ukurasa wa nne wa "a". Alihitaji kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kubambua kunde, kufinyanga udongo, kukamua nguo ndogondogo na kukata karatasi kwa mkasi butu. Kati ya yote, ninaoupenda zaidi ni mdako, mchezo ambao wasichana wengi wa zamani waliucheza na wavulana wakajifanya hawautaki. Unachimba kishimo kidogo, unakijaza vijiwe, unarusha kimoja juu, na kabla hakijashuka unatoa vingine kwa kidole, unakidaka, kisha unavirudisha ndani ukibakiza idadi mliyokubaliana. Jicho linafuata jiwe, vidole vinachagua, kichwa kinahesabu na kutoa, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba huo ni mtihani. Tena, mtoto anayeshika kijiko na jiwe kwa mkono wa kushoto aachwe aandike kwa huo huo. Nimewaona watoto waliofungwa kitambaa mkononi ili watumie wa kulia, na kilichoharibika hapo kilikuwa zaidi ya mwandiko.

Kuna jambo ambalo wazazi hawaniulizi kabisa, nami hulitaja hata kama simu inakaribia kukatika kwa kuisha salio. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na mtoto aliyekaa dawati la nyuma, mpole, ambaye nilimwandika kwenye daftari langu kuwa ni mzito na asiye msikivu. Niliposema "simameni" alisimama, lakini baada ya wenzake, na nilidhani ni uvivu. Siku moja, katikati ya mwaka, nilimpa agizo wakati wengine walikuwa wamekwenda kunywa uji. Nilisema nikiwa nimegeukia ubao. Hakutikisika. Nikageuka nikarudia, naye akanyanyuka mara moja, macho yake yakiwa kwenye midomo yangu. Bibi yake alipoitwa alieleza kwamba masikio ya mtoto yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa mdogo, yanakauka, yanarudi, na kwamba walikuwa wakimtia mafuta ya nazi. Nusu mwaka mtoto yule alikuwa akisoma darasa zima kwa kunakili migongo ya wenzake, na aliyeitwa asiye msikivu alikuwa hasikii. Niliyekosea nilikuwa mimi, na ndiyo sababu sasa ninamwambia kila mzazi apeleke masikio na macho ya mtoto yakapimwe kituo cha afya kabla ya kununua begi. Ukiwa nyumbani, mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, na uangalie kama anasogelea sana televisheni au anakunja uso anapotazama kitu cha mbali. Sikio linalotoa usaha lisitiwe kitu chochote, lipelekwe kituo cha afya.

Mambo ya kujitegemea huonekana madogo mpaka uyaone darasani. Mwongozo wa kitaifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali na mmoja kwa watoto 45 katika shule ya msingi, lakini mzazi yeyote aliyechungulia dirishani katika shule ya mjini anajua kwamba idadi halisi inaweza kuwa mara mbili ya hiyo. Katika umati huo, mtoto asiyeweza kufungua zipu ya kaptula yake, au asiyethubutu kusema "mwalimu, naomba kwenda chooni", hujikojolea, na aibu ya siku moja inaweza kumfanya aichukie shule kwa muhula mzima. Mtoto aliyezoea choo cha kukalia nyumbani afundishwe kuchutama, maana vyoo vingi vya shule ni vya tundu. Ajue jina lake kamili na la mzazi wake, si "Mama Junia" tu. Afundishwe kufunga vifungo vya shati lake, kulitambua begi lake katikati ya mengine yanayofanana, na kunawa kwa sabuni.

Kuhusu gharama nitasema kidogo. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari na mchango wa uji bado vinamhusu mzazi, na cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, ni vyema kishughulikiwe mapema kuliko kukimbizana nacho Januari. Viatu vinunuliwe vile ambavyo mtoto anaweza kuvivaa mwenyewe.

Nisichokipenda ni usaili unaofanywa na baadhi ya shule binafsi, ambapo mtoto wa miaka mitano huingizwa ofisini peke yake, akaulizwa rangi na hesabu kwa Kiingereza na mtu ambaye hajawahi kumwona, kisha mzazi akaambiwa kwamba mtoto "hajafikia kiwango". Kimya cha mtoto mbele ya mgeni hakipimi chochote zaidi ya haya yake, na wakati mwingine ni ishara ya malezi mazuri. Kwa sababu ya usaili huo, wapo wazazi wanaowalipia watoto twisheni jioni baada ya siku nzima ya chekechea. Mtoto wa umri huu anahitaji kulala takriban saa 10 au zaidi kwa siku, na yule anayefuatwa na basi la shule saa 11 alfajiri alipaswa kuwa kitandani saa moja usiku, muda ambao ndio kwanza twisheni inamalizika.

Na kilio cha getini. Wazazi huniuliza kama wamtoroke mtoto akiwa ameshughulishwa na wenzake, na kwa kweli njia hiyo humnyamazisha leo, ila kesho anakuja akiwa ameshikilia nguo ya mama kwa mikono miwili, kwa sababu sasa amejua kwamba ukigeuka tu, mtu hupotea. Ni bora kumuaga waziwazi, kwa maneno machache, na kumwambia muda wa kurudi kwa matukio anayoyajua badala ya saa: mtakunywa uji, mtacheza, mtaimba wimbo wa kwenda nyumbani, halafu mimi nitakuwa hapa. Kisha uwe pale kweli, kabla ya kengele, angalau wiki mbili za kwanza, na kama ni kaka yake wa darasa la nne atakayemrudisha, mtoto aambiwe hivyo tangu asubuhi. Mwaka mmoja nilikuwa na msichana aliyekuja na kipande cha kanga ya mama yake ndani ya mfuko wa sketi, na kila mapumziko alikitoa, akakinusa, akakirudisha mfukoni, nami sikumkataza. Wiki ya tatu nilikiokota chini ya dawati wakati wa kufagia, nikampa kaka yake akirudishe nyumbani.