Kwa nini mtoto mwenye utapiamlo huvimba?

Je, wajua kuwa mtoto anaweza kuwa na utapiamlo mkali huku majirani wakisema kanenepa? Mashavu yamejaa, tumbo limetangulia mbele, miguu imetuna. Basi mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mguu, nyuma kidogo ya vidole, hesabu taratibu mpaka tatu, uachie. Pakibaki kishimo, na mguu wa pili vilevile, hayo si mafuta. Ni maji.

Huo ndio unyafuzi, wengine huuita kwashakoo. Jina hili la pili ni la Kiga, lugha ya watu wa Accra. Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi huko Ghana ikiitwa Gold Coast, ndiye aliyelitangaza kwa madaktari mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa: mama kapata mimba nyingine, huyu kaachishwa ziwa, kabaki na uji mtupu wa mahindi. Kwetu Uswahilini mtoto wa namna hiyo husemwa kabemendwa, lawama zikaangukia chumbani kwa wazazi. Neno baya hilo. Mama akishaogopa kusemwa, humfungia mtoto ndani badala ya kumpeleka kliniki.

Maji hayo yanatoka wapi? Jibu la miaka mingi lilikuwa protini. Ini hutengeneza protini iitwayo albumini, ambayo huyashika maji yasitoke kwenye mishipa ya damu. Ikipungua, maji huvujia kwenye nyama, na miguu ndiyo hutangulia kuvimba. Tumbo lina sababu zake za ziada: ini limejaa mafuta likawa kubwa, na misuli ya mbele imelegea. Nywele nazo hugeuka nyekundu na kung'oka bila kuvutwa, ngozi ikabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa.

Lakini jibu hilo halitoshi. Huko Malawi watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha, wakatoa matokeo mwaka 2013. Mapacha wanakula chungu kimoja, kumbe mmoja anavimba na mwenzake havimbi! Sehemu ya tofauti ilionekana kwenye bakteria wa utumboni. Kwa hiyo ukiambiwa unyafuzi ni kukosa nyama tu, usikubali haraka.

Hata matibabu yanashangaza. Ungedhani mtoto huyu apewe mayai na nyama siku ileile. Hapana, ini, moyo na figo zake zimechoka, mzigo wa ghafla unaweza kumuua. Wodini huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100 na protini kidogo, kikombe kidogokidogo, usiku na mchana. Hamu ya kula ikirudi ndipo huhamia F-100, au ile siagi ya karanga ya pakiti, gramu 92 zenye kilokalori 500.

Na siku hizo za mwanzo mizani humtisha mama: mtoto ameanza kucheka na kuomba chakula, lakini kilo zinashuka. Nesi hashtuki. Kinachopungua ni yale maji. Anakojoa kila mara, na kidole gumba kikibonyeza mguu, kishimo hakibaki tena.