Angioplasti ya mguu haisafishi mshipa

Angioplasti ya mguu ni kupanua ateri (mshipa unaopeleka damu mguuni) iliyoziba kwa puto dogo linalopitishwa ndani ya mshipa wenyewe, ili damu ifike tena kwenye kidonda au kidole kilichoanza kufa na mguu usikatwe. Maana ndiyo hiyo tu. Kinachochosha ni kusikia kila mara kwamba fulani "amesafishwa mishipa".

Hakuna kilichosafishwa. Mgonjwa hupigwa ganzi kinenani, sindano inaingia kwenye ateri ya paja, na waya mwembamba unashushwa hadi chini ya goti. Huko ateri ni tatu, kila moja ina upana wa milimita 2 hadi 4 hivi. Waya ukigoma kupita kutoka juu, daktari huweza kuuingiza kutokea chini, kwenye wayo. Puto hufuata waya, hujazwa maji yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, huachwa limejaa dakika 2 au 3, kisha maji hufyonzwa na puto likatolewa. Mafuta na chokaa vilivyoziba ateri havitoki nalo. Vimepasuliwa na kubanwa ukutani, vimo mumo humo.

Ndiyo sababu matatizo yake ni ya aina hii: ukuta uliochanika huweza kuning'inia ukaziba njia, mshipa wenye chokaa nyingi, kama ilivyo kwa wengi wenye kisukari au figo mbovu, huweza kujibana tena puto likishatoka, bonge la damu huweza kuteremka wayoni. Na hata mambo yakienda vizuri, ateri hizi nyembamba mara nyingi husinyaa tena ndani ya miezi, kwa kuwa ukuta uliojeruhiwa huota kovu kwa ndani.

Hapo wengi husema angioplasti imeshindwa. Si lazima. Kidonda kinachopona kinadai damu nyingi kuliko ngozi isiyo na jeraha. Mshipa ukikaa wazi mpaka kidonda kifunge, hata damu pungufu itakayokuja baadaye huweza kutosha kuutunza mguu.

Kwa hiyo tuseme mshipa "umepanuliwa". Aliyeambiwa amesafishwa huona hana tena haja ya aspirini wala dawa ya lehemu, hurudia sigara, na kidonda huacha kukionyesha kliniki, ilhali ugonjwa bado umo ukutani.