Daktari wa Jimbo Jingine na Kibali cha Kukutibu kwa Mtandao

Nchini Marekani leseni ya udaktari hutolewa na jimbo, wala si na serikali kuu, na Mahakama ya Juu ilikwisha kuyathibitishia majimbo mamlaka hayo tangu mwaka 1889. Katika tiba mtandao, kinachoangaliwa ni mahali alipo mgonjwa wakati wa mazungumzo. Mkazi wa Jeffersonville, Indiana, anaweza kuvuka daraja la Mto Ohio akatibiwa Louisville, Kentucky, bila swali lolote. Lakini akibaki sebuleni kwake na kuzungumza kwa video na daktari yuleyule, daktari huyo anahitaji idhini ya Indiana.

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipoanza, majimbo mengi yalilegeza sharti hilo kwa leseni za muda au misamaha. Kwa kuwa hatua hizo zilifungamana na amri za dharura za kila jimbo, zilikoma kwa nyakati tofauti, nyingi kabla ya dharura ya kitaifa ya afya ya umma kumalizika tarehe 11 Mei 2023. Wapo wagonjwa waliolazimika kuendesha gari hadi ng'ambo ya mpaka, wakaegesha, na kuzungumza na daktari wao humo humo garini. Kwa mtu aliyedhoofishwa na saratani, huo ni usumbufu usio na tija yoyote ya kitabibu.

Baadhi ya majimbo yana njia za kudumu. Florida, kwa sheria ya mwaka 2019, humsajili mtoa huduma wa nje bila kumdai leseni kamili, ilimradi leseni yake ya kwao iwe safi na awe na bima ya makosa ya kitabibu; hata hivyo haruhusiwi kufungua ofisi Florida wala kumtibu mgonjwa ana kwa ana humo. Mkataba wa leseni baina ya majimbo, ulioanza kazi mwaka 2017, mara nyingi hueleweka vibaya: hautoi leseni moja ya nchi nzima, bali huharakisha upatikanaji wa leseni ya kila jimbo, na kila moja hulipiwa ada yake. Kwa maoni yangu, anayestahili kufikiriwa kwanza ni mgonjwa ambaye tayari anajulikana na daktari wake, kwa sababu kukatiza matibabu yake kuna hatari kubwa kuliko kuyaendeleza kwa video.

Msemaji wa Kiswahili anayemtafuta daktari wa lugha yake katika jimbo jingine aulize, kabla ya kulipa, kama daktari huyo ana leseni au usajili wa jimbo atakalokuwamo yeye mgonjwa wakati wa mazungumzo. Jibu huhakikiwa bure kwenye tovuti ya bodi ya leseni za udaktari ya jimbo hilo. Akiwa safarini, ataje mahali alipo mwanzoni mwa mazungumzo, hata kama hakuulizwa. Taarifa hiyo ndiyo itakayolielekeza gari la wagonjwa iwapo hali yake itabadilika ghafla.