Hewa ya juu ya bawa haiisubiri ya chini
Simama karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, umuulize mtu ndege hupaaje. Atakwambia mgongo wa bawa umepinda, hivyo hewa ya juu hukimbia ili ikutane na ya chini huko nyuma. Wengi tulifundishwa hivyo, tena ubaoni. Lakini hewa haina miadi. Mwanafunzi wa uhandisi wa anga akipuliza moshi kwa mikupuo ndani ya bomba la upepo, yaani njia ya kujaribia mabawa kwa upepo, huona moshi wa juu ukitangulia kufika, wa chini ukiachwa. Bawa huielekeza hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Ndiyo maana ndege ya maonyesho huweza kuruka tumbo juu, rubani akiinua pua kidogo tu.