Hapana, NVDA haioni skrini yako

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kupima programu za kompyuta kabla hazijauzwa au kununuliwa, nione kama mtu asiyeona, asiyesikia au mwenye mikono isiyotulia anaweza kuzifanyia kazi; huo ndio unaoitwa ufikivu. Nyingi ni programu za kawaida za mji huu: mauzo ya duka la dawa, minervali (ada) za shule, hesabu za biro za wadeklaranti, yaani mawakala wa forodha, wanaoshughulika na mpaka wa Kasumbalesa. Na karibu kila mteja ananipokea kwa maneno yaleyale: “Patron, sisi hatuna shida, tumeshaweka NVDA na inaongea.” NVDA ni kisoma skrini, programu ya bure inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona. Maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha. Leo nayajibu kwa maandishi, pamoja na madogo madogo yanayofuatana nayo.

“NVDA imewekwa, basi itasoma kila kilicho kwenye skrini”

Haitasoma. NVDA haina macho. Inachofanya ni kuiuliza programu yako: hapa nilipo pana nini? Kinaitwaje? Ni kitufe, kisanduku cha kuandikia, au mstari wa jedwali? Kimeteuliwa au hakijateuliwa? Ndani yake mna nini? Maswali hayo yanapita kwenye njia ambazo Windows imeziweka kwa kazi hiyo: MSAA ya mwaka 1997, na UI Automation iliyokuja wakati wa Windows Vista. Programu ikijibu vizuri, mtumiaji anasikia vizuri. Ikijibu ovyo, anasikia ovyo. Isipojibu, ni kimya, hata kama kioo kinang'aa kwa rangi zote.

Ukitumia vitufe na visanduku vya kawaida vya mfumo, majibu mengi yanakuja yenyewe. Balaa linaanza pale mtengenezaji anapotaka programu yake ipendeze, akaanza kuchora vitu vyake mwenyewe.

Chukua skrini ya mauzo niliyoipima kwa ajili ya duka moja la dawa. Juu kulikuwa na safu ya vitufe vya picha: disketi, printa, kikapu, msalaba mwekundu. Kwa jicho, safi kabisa. Kwa sikio, NVDA ikiwa kwa Kifaransa kama wengi wanavyoiweka hapa: “bouton”, “bouton”, “bouton”, “bouton”, yaani “kitufe” mara nne. Kipi kinahifadhi, kipi kinafuta bili nzima? Ubahatishe. Chini kulikuwa na jumla mbili, kama ilivyo desturi yetu, moja ya dola na moja ya faranga. Ya dola kijani, ya faranga bluu, bila neno wala alama yoyote. NVDA ilitaja tarakimu mbili ikanyamaza. Keshia asiyeona amwambie mteja alipe ipi?

Halafu kisanduku cha bei kilikuwa kinajitambulisha kama “Quantité” (idadi). Hili lilimshangaza mwenye programu, maana kwenye skrini neno “Prix” (bei) lilikuwa limekaa vizuri kando ya kisanduku chake. Lakini Windows haiangalii nini kiko karibu na nini kwa macho. Kisanduku ambacho hakikupewa jina kinachukua maandishi yanayokitangulia katika mpangilio wa vitu vya dirisha, na huyo bwana alikuwa amevihamisha visanduku bila kugusa mpangilio. Mtu angeandika idadi ya vidonge mahali pa bei, akabonyeza Enter, na duka lingeuza kwa hasara bila yeyote kujua kisa.

Jedwali la stoku ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Lilikuwa limechorwa lote kwa mkono, pikseli kwa pikseli. Unabonyeza mshale wa chini, mstari wa bluu unashuka kutoka dawa moja hadi nyingine, na masikioni hakuna kitu. Kwa NVDA pale palikuwa na mstatili mtupu.

Dawa ya vitufe ni rahisi kiasi cha kuudhi. Unakipa kila kitufe jina kwenye msimbo, kulingana na zana uliyotengenezea programu: kwenye WinForms ni AccessibleName, kwenye WPF ni AutomationProperties.Name, kwenye Qt ni setAccessibleName. Mstari mmoja kwa kitufe kimoja, asubuhi moja umemaliza. Jedwali lililochorwa ni habari nyingine: ama uandike mwenyewe majibu yote ya UI Automation, ama ulitupe uweke la kawaida. Ushauri wangu ni ulitupe. Wenye programu za Delphi, na bado mko wengi, jueni kwamba kitufe chake cha picha, TSpeedButton, hakipokei fokasi kabisa, yaani kibodi haiwezi kukiteua. Mtu wa kibodi atabonyeza Tab hadi jioni asikifikie. Wekeni TBitBtn, picha zenu zitabaki vilevile. Na wale wa Java Swing, kabla hamjanilalamikia kwamba NVDA iko kimya, angalieni kama Java Access Bridge, daraja kati ya Java na visoma skrini, imewashwa. Kwa kawaida imezimwa, na amri ni jabswitch -enable.

Hapo mteja mjanja ananikatiza: “Lakini NVDA inaweza kusoma hata picha!” Kweli, ukibonyeza Insert na R inapiga picha ya sehemu uliyopo na kutambua maandishi yaliyomo. Nayo kwa kawaida ni maandishi ya dakika ile tu. Haijui kama neno “Valider” (thibitisha) ni kitufe au ni mapambo, haijui kisanduku kimetiwa tiki au la, na bei ikibadilika baada ya hapo, kwa kawaida haitakwambia. Ni njia ya kujinasua unapokwama. Umtake mtu afanye kazi hivyo siku nzima, foleni ya wagonjwa ikimsubiri? Hapana.

Ndiyo maana “inaongea” kwangu si kipimo. Kipimo ni kazi moja kamili, mwanzo hadi mwisho. Chomoa kipanya. Washa pazia la skrini la NVDA kwa Insert, Control na Escape, kioo kiwe cheusi. Sasa uza pakiti mbili za paracetamol. Kosea kwa makusudi, andika 200 badala ya 2, uone kama onyo linasikika au limejitokeza kimyakimya kwenye kona. Sahihisha, toa risiti, rudi mwanzo. Ukipotea, Insert na Tab itakuambia uko wapi. Ikikujibu kwa jina la dirisha tu, umeshapata kosa la kuandika kwenye ripoti. Kwenye laptopu isiyo na Insert ya kufaa, ingia kwenye mipangilio ya NVDA uifanye Caps Lock ishike nafasi yake, utaniombea heri. Na kama sauti inakuchanganya siku za mwanzo, ondoa pazia ufungue lile dirisha la NVDA linaloandika kila inachokisema. Watengenezaji wengi wanakubali makosa yao pale tu wanapoyaona yameandikwa, sijui kwa nini.

Jambo moja linalotuhusu sisi hasa: programu ambazo menyu ziko kwa Kiswahili na ujumbe wa makosa kwa Kifaransa. Sauti ya Kifaransa ikisoma “Hifadhi mabadiliko” utadhani mtu ana uji mdomoni. eSpeak NG, sauti inayokuja ndani ya NVDA, ina Kiswahili na Kifaransa vyote viwili, na NVDA inakuruhusu kuweka wasifu maalumu kwa kila programu. Kwa hiyo chagueni lugha moja kwa skrini nzima, mtumiaji ataipangia sauti yake. Mkichanganya, hakuna mpangilio utakaomwokoa.

“Tulipitisha programu kwenye chombo cha kupima, hakikuona kosa”

Accessibility Insights ya Microsoft ni chombo kizuri, ni cha bure, nakitumia kila siku. Kinakagua kama kitufe kina jina. Hakikagui kama jina lina maana. Kitufe kinachoitwa “btn7” kinapita bila shida, wakati mtumiaji anabaki anajiuliza saba ni nini. Anza nacho, kitakuondolea makosa ya kijinga, kisha ufanye ile kazi ya paracetamol.

“Ufikivu ni mambo ya vipofu”

Dhana hii ndiyo sababu programu nyingi zinapita kwa NVDA halafu zinamwangusha mtu anayeona vizuri. Mwenye mikono inayotetemeka hawezi kulenga msalaba mdogo wa kufungia dirisha, anahitaji kibodi. Anayetumia kidole kimoja anawasha vitufe nata, vinavyomruhusu kubonyeza kimoja baada ya kingine badala ya vyote pamoja, kwa kubonyeza Shift mara tano, na nimeona programu iliyojipa njia za mkato zinazogongana navyo. Mwenye uoni hafifu anakuza maandishi ya Windows hadi asilimia 150, na nusu ya vitufe vyako vinatoka nje ya dirisha. Au anawasha rangi zenye utofauti mkubwa, na programu yako, kwa kuwa rangi zake umezikaza kwenye msimbo, inabaki na kijivu chake juu ya cheupe. Kiwango cha chini cha utofauti kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake ni 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu hicho mnachokipenda kwa kawaida hakifiki hata 3.

Kiziwi naye anaachwa na programu inayolia “pii” pekee wakati wa kosa. Hapa kwetu ondyuleri, vile vifaa vya kushikilia umeme kwa muda, zinalia kila kuranti ikikatika, kila mtu bironi anakimbilia kuhifadhi kazi, isipokuwa yeye. Kama programu yako inapokea habari za ondyuleri, iandike kwenye skrini, kwa maneno makubwa.

“Wenye ulemavu kwetu hawatumii kompyuta”

Hawatumii yako, kwa sababu haitumiki. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, mmoja kati ya kila sita; sidhani mitaa yetu ya Katuba na Ruashi imeachwa nje ya hesabu hiyo. Na mkiwauzia serikali au shule, msisahau kwamba Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na kipengele chake cha 9 kinataja teknolojia ya habari waziwazi. Tuna pia sheria yetu wenyewe, ya tarehe 3 Mei 2022, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Sijamkuta mteja aliyeisoma.

“WCAG ni ya tovuti tu”

WCAG, miongozo ya ufikivu ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliandikwa kwa ajili ya wavuti, ndiyo. Lakini tangu 2013 W3C wana waraka, WCAG2ICT, unaoeleza jinsi ya kuisoma kwa programu zisizo za wavuti, nao ukafanywa upya 2024. Kiwango cha Ulaya EN 301 549 kina sura nzima ya programu, ya 11, na humo mna yale ambayo WCAG haikuyagusa: programu izungumze na vifaa saidizi, na iheshimu rangi na ukubwa wa maandishi ambavyo mtumiaji alishavichagua kwenye mfumo. Vigezo vichache vya tovuti havihesabiwi kwa programu ya mezani. Vilivyobaki vinatosha kukuweka kazini mwezi.

“Tuna mfanyakazi asiyeona, amesema iko sawa”

Mpe heshima yake, na mlipe kwa kazi hiyo. Ila yeye ameshakariri kwamba kitufe cha tatu ndicho kinachohifadhi, na pengine hataki kumvunja moyo mkubwa wake wa kazi. Mpeni mtu mwingine, ambaye hajawahi kuifungua programu hiyo, kisha kaeni kimya mkimtazama. Kukaa kimya ndiko kunakowashinda.

“Muuzaji ametuletea cheti cha ufikivu”

Hicho mara nyingi ni VPAT, fomu ambayo muuzaji anaijaza mwenyewe kuhusu bidhaa yake. Si cheti. Zipo zilizojazwa kwa uaminifu, na zipo ambazo kila mstari umeandikwa “inatimiza” bila neno la maelezo, na hizo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muulizeni mambo matatu: fomu inahusu toleo gani la programu, ilipimwa kwa kisoma skrini gani, na mpimaji alifanya kazi gani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfanyabiashara mmoja wa hapa aliyafuata haya, na muuzaji akarudi na fomu mpya yenye mistari 11 ya “inatimiza kwa sehemu”. Hiyo ya pili ndiyo niliyomshauri aifanyie kazi, kwa sababu sasa tulijua cha kudai kirekebishwe kabla ya malipo ya mwisho.